Kilo ya Nandawathi

Jumatatu saa tatu asubuhi Hemasiri, mkaguzi wa mizani, alifungua sanduku lake kwenye ukumbi wa ushirika, katika mji mdogo kaskazini mwa Kurunegala. Akaitoa kilo ya serikali kwa kitambaa, maana jasho la vidole huongeza uzito. Ilikuwa ya shaba, na ilikuwa imepungua tena.

Haikukwanguliwa na mtu. Ilipungua yenyewe kila serikali ilipotumia isichokuwa nacho. Mishahara ilipopandishwa kabla ya uchaguzi, zilikwenda gramu tisa. Kodi zikasamehewa, pengo likazibwa kwa noti mpya, zikaondoka ishirini na mbili. Ule uwanja wa kriketi wa mkopo, uliojengwa kule ambako tembo ni wengi kuliko watu, ulikula arobaini na tano peke yake. Na bado hawakukoma.

Mwezi uliopita Hemasiri aliipeleka Kolombo kwa basi, kaipakata. Makao makuu wakamwonyesha kilo mama ndani ya kioo chake, nayo imekonda vilevile. Wakampa chai, wakamwambia kilo ya serikali haikosei. Mawe ya mizani ya wafanyabiashara ndiyo yaliyozidi, ayapunguze. Meli za mafuta tu ndizo zilizogoma. Zilikuja na kilo za kwao, zikaipima ya serikali, zikatia nanga nje ya bandari bila kushusha tone. Foleni ya petroli ikafika hekaluni.

Basi Jumatatu hiyo Hemasiri akayapunguza mawe. Kila jiwe la mizani lina tundu chini lililojazwa madini ya risasi. Alikuwa akichokoa risasi kidogo, anapima, anagonga muhuri wa mwaka. Wafanyabiashara hawakulalamika. Nani atakataa kupunja watu kwa muhuri wa serikali?

Mwisho akaja Nandawathi, muuza mchele. Miaka kumi na tano nyuma Hemasiri alisimama mahakamani kutoa ushahidi dhidi ya mumewe, Jinadasa, kwamba jiwe lake lilikuwa pungufu. Jinadasa alipewa miezi sita, akatoka anakohoa, hakumaliza mwaka. Tangu hapo mjane huyu aliishi kwa jina lake jema tu. Watu walipita maduka matatu juani kwenda kwake, kwa sababu kilo yake ilikuwa kilo.

Nandawathi alilifungua jiwe lake, akaliweka kwenye mizani. Upande wake ukashuka kwa kishindo. Kilo ya serikali ikabaki inaning'inia.

"Limezidi," Hemasiri akasema.

"Halijazidi. Umelipima mwenyewe miaka yote hii."

"Nisipolipunguza siwezi kuligonga muhuri, dada. Na bila muhuri nakufungia duka."

Nandawathi akalitazama jiwe. "Jinadasa ulimfunga kwa gramu ngapi?"

"Arobaini."

"Na hapo unatoa ngapi?"

"Mia moja na thelathini."

"Kumbe kosa la mume wangu lilikuwa kuwahi."

Hemasiri aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Alitaka kumwomba radhi, lakini radhi haikuwa na fomu, akachukua patasi. Risasi ilitoka vipande vipande, akaikunja katika karatasi na kuiandikia tarehe.

Kanuni inamtaka mkaguzi ashuhudie kipimo cha kwanza, kwa hiyo waliongozana hadi dukani. Mteja alikuwa bibi mmoja, Podimenike, aliyenunua hapo tangu siku za msiba wa Jinadasa. Nandawathi akapima, mizani ikakaa sawa. Bibi akaupokea mfuko, akaupandisha na kuushusha mkononi mara mbili.

"Hata wewe, mwanangu?"

 Nandawathi akamgeukia Hemasiri, akamngoja. Naye akatazama muhuri alioligonga lile jiwe, bado unang'aa, akasema kilo hiyo imetimia kwa mujibu wa sheria.

Podimenike akalipa, hakuchukua hata chenji yake. Wiki iliyofuata alinunua mchele duka la jirani na kwake, kwani kilo zote mjini zilikuwa sasa zimelingana.