Makabati ya Mkongo

Nancy alishafungua kopo la rangi nyeupe na brashi anayo mkononi nilipomwambia asubiri kidogo. Alinitazama kama mtu aliyealikwa harusini akakuta msiba. Tulikuwa jikoni kwangu, Mbugani, mchana kweupe, taa inawaka, na bado hatukuonana vizuri.

"Resti, utapika gizani mpaka lini?" Ni muuguzi mwenzangu, hana simile. "Haya makabati yanameza mwanga. Tuyapake, maisha yaendelee."

Makabati yalikuwa kazi ya baba mkwe wangu. Jina lake silitaji, hata hapa. Mimi ni wa Bukoba. Kazi ya serikali ndiyo iliyonileta Kyela, nikaolewa na Lugano. Mama mkwe wangu, Tulinagwe, alinikalisha mapema akanifundisha mila yao Wanyakyusa: mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni. Mzee akija, najifunika khanga nampisha. Jikoni kwangu hakanyagi. Wengi siku hizi wameiacha mila hiyo, na Lugano mwenyewe aliicheka. Mimi niliishika. Mwanzoni kwa ubishi tu, nisije nikaambiwa wageni hatuna adabu. Baadaye kwa mapenzi.

Maana mzee yule alinipenda bila kuniona. Alikuwa seremala wa kutajika kule Itungi, akaacha kazi kwa sababu ya mtoto wa jicho. Kabla hajafunga karakana, mbao za mkongo alizozihifadhi miaka na miaka kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe akaziteremsha kwa ajili yangu, ziwe kazi yake ya mwisho. Siku moja mama mkwe alikuja na kamba. Akanisimamisha wima, akapima toka sakafuni hadi kiwikoni, akapiga fundo. Akaniambia ninyooshe mkono juu, akapiga fundo jingine. Sikuelewa mpaka makabati yalipofika. Nilikatakata vitunguu bila kuinama, na rafu ya juu niliifikia bila kuchuchumia. Nimelelewa na watu wanaonipenda, lakini hakuna aliyewahi kunitazama vizuri namna ile.

Ila yalikuwa meusi, jamani. Mkongo wa zamani ukishapigwa vanishi haupishani sana na masizi. Na mchele wa Kyela, pamoja na harufu yake yote nzuri, ukiuchambua gizani utawalisha watu mawe. Lugano aling'ata moja mbele ya bosi wake. Ndipo tukanunua rangi.

Kilichonisimamisha ni maneno ya mama mkwe, asubuhi ile alipotuletea ndizi. "Mzee kila siku ananiuliza kama milango imekaa sawa," alisema. "Namwambia imekaa. Anataka aione mwenyewe, sasa ataionea wapi? Na jicho ndiyo hilo linafunga."

Nikamwambia Nancy kuta zote tuzipake, na dari, ila ubao wowote asiuguse. Alinung'unika, akapaka. Kati ya makabati ya juu na ya chini tukabandika vigae vyeupe. Sufuria nikazisugua kwa mchanga mpaka zikang'aa, nikazitundika. Halafu nikamwita fundi Gwamaka, nikamwomba abomoe ukuta unaotazamana na makabati, aweke dirisha pana, na alishushe hadi kifuani kwa mtu aliyesimama nje. Alisema dirisha la namna hiyo litaalika wapita njia. Nikamwambia namtaka mmoja tu.

Mwanga ulipoingia, nilikaa chini. Ule weusi wote ulikuwa na mishipa myekundu ndani yake, imepangwa kutoka mlango hadi mlango bila kukatika. Kumbe miezi yote ile nilikuwa napikia mbele ya kitu kizuri hivyo nisikijue.

Mzee alikuja Jumamosi na mama mkwe. Nilijificha stoo, khanga kichwani. Nikasikia fimbo yake uani, ikasimama dirishani. Nikaogopa kwamba tumechelewa, jicho limeshafunga.

"Mlango wa tatu," alisema hatimaye, "umelegea bawaba ya chini. Nani aliufunga hivyo?"

"Mwanao," mama mkwe akajibu.

"Sishangai. Mwambie Lugano aulete hapa."

Nililia mle stoo huku nacheka, khanga nimeibana mdomoni. Lugano akautoa mlango hadi barazani, na baba yake akaushughulikia kwa kupapasa, taratibu, akipiga mluzi. Mama mkwe aliniambia baadaye kwamba alikuwa hajausikia mluzi huo tangu mzee alipofunga karakana.

Sasa huja karibu kila Jumamosi. Ijumaa jioni, vyombo vikishakauka, nachukua bisibisi na kulegeza skrubu moja, leo mlango huu, wiki ijayo mwingine. Mpaka sasa hajakosea mlango hata mmoja.