Hodi ya Tatu

Alhamisi ile ya Novemba 1996, Time alikuwa amekwisha kuchuja tui, anangoja muhogo. Mumewe, Mbarouk, alifanya kazi katika duka la Alnashir kule Kingsbury, na kila Alhamisi alirudi na muhogo uliopakwa nta, ndizi mbichi mbili tatu, na habari za wateja. Basi lilimshusha mwisho wa njia, pale linapogeuza. Kutoka hapo alitembea kwa miguu mpaka nyumbani, kwa kuwa nyumba yao ilikuwa ya mwisho, imepakana na shamba la farasi.

London ilikuwa inaishia pale. Njia haikuwa na taa wala pa kupita waenda kwa miguu, na pande zote mbili ulisimama ugo wa miti ya miiba. Nyumba hazikuwa na namba bali majina, kama watu. Baraza la mtaa liliwapa wao nyumba ile kwa sababu ilikuwa na unyevu na hakuna mwingine aliyeitaka. Mbarouk alipenda ukimya wake. Kilichomshangaza ni mayai. Majirani waliyaweka langoni ndani ya sanduku, na kando yake mkebe wa kutilia pesa, wala hapakuwa na mwuzaji.

"Duka halina mtu," alimwambia Time. "Watu wanaaminiana namna hii, yakhe, tumefika peponi."

"Pepo gani hiyo haina jirani hata mmoja aliyekuja kukuazima chumvi?" Time alimjibu.

Jioni ile tui liliganda juu, likafanya utando. Mtu aliyekuwa akimtembeza mbwa alimkuta Mbarouk chini ya ugo, hatua chache kabla ya lango lake, na mfuko wa muhogo umefungwa vizuri pembeni yake. Moyo ulikuwa umesimama.

Polisi waliuliza nyumba zote, na majirani hawakuficha kitu. Walimsikia. Alipita mlango kwa mlango tangu kituo cha basi, akisema neno wasilolijua. Wa nyumba ya kwanza alidhani ni mwuza matambara ya kufutia vumbi. Wa pili alidhani ni mtu wa dini. Wa tatu alikuwa anaoga. Jean, mama mtu mzima aliyefuga kuku, alisogea mpaka mlangoni akachungulia kwenye tundu la kioo.

"Hapakuwa na mtu," alimwambia Time, na macho yake yalikuwa mekundu kweli. "Nilisikia sauti, nikachungulia, sikuona mtu."

Time alielewa mara moja. Mbarouk alilelewa Pemba na bibi aliyemfundisha kwamba mtu mwenye adabu hasimami mbele ya mlango wa watu, jicho lake lisije likaingia kabla yake. Husimama pembeni. Hupiga hodi mara tatu, na asipojibiwa, huondoka bila kinyongo. Ndivyo alivyofanya kwa kila nyumba, na kifua chake kinambana.

"Kwa nini hakuomba msaada kwa Kiingereza?" aliuliza binti yao, Zahra, kwa Kiingereza. Alikuwa darasa la mitihani, na Kiswahili alikisikia lakini hakukijibu.

"Mtu anayeumwa hafasiri, mwanangu," alisema Time.

Hitima ilisomwa Walthamstow, nyumbani kwa binamu wa Time, maana huko ndiko waliko watu. Siku iliyofuata, Time alipokuwa anateremka basini, alisikia sauti ya mumewe kwenye nyumba ya kwanza. "Hodi," ilisema. Ikangoja. "Hodi." Ikangoja. "Hodi." Kisha ikasikika kwenye nyumba ya pili. Iliendelea hivyo njia nzima, ikifuatana naye, mpaka pale kwenye ugo, ikanyamaza.

Ikawa hivyo kila siku, basi la alasiri linapogeuza. Mbwa walibweka juma la kwanza, kisha wakazoea. Farasi waliinua vichwa, wakarudi kwenye majani yao. Majira ya baridi, theluji ilitanda vizingiti vyote isipokuwa pembeni mwa kila mlango, ambapo palibaki pakavu penye umbo la nyayo mbili.

Jambo hilo lilijadiliwa kwenye mkutano wa wakaazi, ukumbi wa kanisa, baada ya suala la mapipa ya taka na kabla ya suala la mavi ya farasi barabarani. Time alikwenda, akakaa nyuma na kofia yake ya sufu juu ya mtandio. Bwana mmoja alisema sauti yenyewe ni ya upole, hana lalamiko, ila inaanguka wakati wa chai. Mama mwingine aliuliza kama itashusha bei ya nyumba. Baraza la mtaa lilikuwa limeshajibu kwamba idara ya kelele hushughulikia kelele zenye mwenyewe.

Time alisimama. Kiingereza chake kilikuwa cha kazini, cha chumba cha kufulia katika nyumba ya wazee, lakini kilimtosha.

"Anataka mmoja wenu afungue," alisema. "Mmoja tu. Mwambieni aingie, akae kidogo. Akishapumzika atafika nyumbani. Miye namngoja."

Wote walimsikiliza kwa heshima. Mtu mmoja alimshukuru kwa kuja. Kisha wakaingia kwenye mavi ya farasi.

Jean alijaribu. Alijifunza neno "karibu" kutoka kwa Time, juu ya ugo, akilisema na kulirudia huku kuku wakimzonga miguuni. Lakini ilipofika saa yenyewe alisimama nyuma ya mlango, akachungulia kwenye tundu, na kwa kuwa hakuona mtu, mkono haukwenda kwenye komeo.

"Nitafunguaje mlango kwa mtu nisiyemwona, mpenzi?" alimwambia Time kesho yake, akampa mayai.

Miaka ikapita. Zahra akaenda chuo, akaolewa Leicester. Nyumba ya pili ikauzwa, na wauzaji wakaleta wateja asubuhi tu. Time aliendelea kufua mashuka ya wazee na kurudi na basi lile lile. Alijua ndugu walimsema. "Hamia Walthamstow, Bi Time," binamu alimwambia kwenye simu. "Utakaa na farasi mpaka lini?" Time alisema farasi hawana neno.

Mwaka 2004 Jean alivunjika nyonga. Mwanawe, Harrison, aliyeishi mbali, akamletea mwuguzi wa nyumbani kutoka kampuni moja. Jina lake Annonciata, Mkongomani wa Bukavu, mwenye miguu imara na msalaba shingoni. Siku ya kwanza alikuwa anamkatia Jean mkate alasiri, akasikia hodi.

"Karibu!" aliitikia kutoka jikoni, kisu mkononi, kama mtu anavyoitikia kwao. Akaenda akafungua mlango wazi. "Karibu papa, ingia, ikala kwa kiti. Kwa nini unasimama inje na baridi hii?"

Akarudi jikoni kuongeza kikombe. Jean alisimulia baadaye kwamba kiti cha karibu na dirisha kililia kidogo, kama kinavyolia mtu akikikalia, na nyumba ikanukia nta na udongo. Chai iliwekwa. Kikombe kilipokuwa kitupu, Annonciata akasema, "Kwenda muzuri, papa," na mlango akaufunga.

Jioni ile Time alikuwa anapika wali. Alasiri, kutoka basini, sauti haikumfuata mpaka kwenye ugo. Halafu, kwa mara ya kwanza, pembeni mwa mlango wake mwenyewe, alisikia mfuko ukiwekwa chini.

"Hodi."

Hakungoja ya pili. "Karibu, ba Zahra," alisema. "Umechelewa."

Alipakua sahani mbili. Moja ilipungua polepole huku akimpa habari: Zahra kazaa, wa kiume, Alnashir kafunga duka, mchicha wa bustanini umekataa kuota. Alipolala, upande wa pili wa kitanda ulibonyea.

Asubuhi Jean, kwa furaha, alimpigia simu mwanawe kumweleza. Harrison alikuwa mtoto mwema na alimwogopea mama yake. Akaipigia kampuni. Kampuni ikamwambia Annonciata kwamba kanuni ni kanuni, mlango wa mgonjwa haufunguliwi kwa asiyefahamika, ikampeleka kwa mgonjwa mwingine, Croydon. Kabla ya kuondoka alipita kwa Time kuaga.

"Mama, nimekosa nini?" aliuliza. "Mutu anapiga hodi, unamufungulia. Ingine ni gani?"

"Hujakosa, mdogo wangu," alisema Time, akamtilia mkate wa kumimina kwenye mfuko.

Alasiri hiyo basi likageuza, na sauti, kana kwamba ile karibu imefutwa, ikaanza upya kwenye nyumba ya kwanza.

Mwuguzi mpya alifuata kanuni. Jean alifariki kiangazi kilichofuata, na walionunua nyumba yake waliweka lango la chuma. Sauti hupiga hodi langoni, pembeni kidogo.

Siku hizi Time hashuki basini akaenda moja kwa moja. Husimama na mumewe kwenye kila nyumba, kando ya mlango, mkono wake umeshika mfuko. Mbarouk hupiga hodi, na Time hungoja naye. Mapazia husogea, kisha hutulia. Baada ya hodi ya tatu huondoka wote wawili kwenda nyumba inayofuata, mpaka kwenye ugo. Hapo Time humaliza hatua zilizobaki peke yake, akafungua mlango wake kwa ufunguo. Hapigi hodi, kwa kuwa ndani hamna mtu.