Mkia Uliokatwa

Fundi wa vipimo alifungua makala yenye jina lake, akakuta grafu imekatwa mkia.

Kazi ilikuwa yake. Juu ya kibati cha silikoni alikuwa ametengeneza maelfu ya vijipete vya dhahabu, kila kimoja kidogo kuliko unene wa unywele, chenye mwanya upande mmoja. Mawimbi ya terahezi, yaliyo kati ya yale ya redio na mwanga, yakipita, vijipete humeza masafa ya aina moja tu, na kwenye grafu hutokea bonde. Ukimulika leza, silikoni hupitisha umeme, mianya ikazibika, bonde likatoweka. Ukizima, linapaswa kurudi papo hapo. La kwake lilichukua karibu dakika nzima. Dakika hiyo ndiyo iliyofutwa.

Aliingia kwa mkuu wa maabara bila kubisha hodi. Mkuu alikuwa kaka wa mumewe, na ndiye aliyemwingiza kazini.

"Shemeji, vipimo vyangu umevifanya nini?"

"Nimevisafisha. Keti kwanza."

"Siketi! Makala inadai mwanga ndio unaofuta bonde. Ile si kazi ya mwanga, ni joto. Leza yako inachemsha kibati."

"Huna ushahidi. Usinipake matope."

"Njoo, nikuoneshe."

Maabarani alizima leza mbele yake, akawasha kipuliza hewa ya moto cha kulehemu, akakielekeza kwenye kibati. Bonde likafifia. Akakiondoa, likarudi kwa kuchechemea, karibu dakika nzima.

"Mwanga uko wapi hapo, shemeji?"

Mkuu alikizima kipuliza. Kisha akasema, "Ulikuja hapa huna mbele wala nyuma. Kiti hicho nimekupa mimi."

"Kiti chukua. Jina langu litoe."

Hakulitoa. Mchana huohuo fundi akawaandikia wahariri wa jarida, akaambatisha vipimo vyote. Baada ya wiki tatu makala iliondolewa.

Mama mkwe akapiga simu. "Umemvua nguo mwanangu mbele za watu!" Akakata.

Mumewe, kochini, alibadilisha chaneli.

"Na wewe huna la kusema?"

"Mngeyamaliza kifamilia."

Hilo lilimchoma kuliko yote. Alichomoa waya wa televisheni ukutani.

"Haya, yamalize. Mpigie mama yako, mwambie nani kadanganya."

Alisimama palepale, waya mkononi, mpaka mumewe akaichukua simu, akaanza, "Mama, nisikilize. Kaka ndiye mwenye makosa."