Maji ya Kwanza ya Selestina

Pipa lilikuwa linavuja kila upande, na Selestina alizidi kulijaza.

"Mwenzangu, hilo ni pipa au kifumbu cha tui?" alisema Domina, mtani wake wa ukoo, aliyeketi juu ya gogo akitafuna muwa na kutema makapi bila haraka. Watani wa huko hawaji kusaidia kazi. Wanakuja kuisema.

"Linakunywa," Selestina alijibu, akamimina ndoo nyingine. "Mbao zikishiba zitavimba, zitabanana zenyewe. Fundi Ditram kaniambia nisiogope."

"Litakunywa bomba zima ufe na kiu wewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe, shauri yako."

"Ndiyo. Nitaingia mwenyewe."

Domina alicheka mpaka muwa ukamtoka mkononi. Selestina hakucheka. Alikuwa anasema kweli tupu.

Pipa lenyewe lilikuwa pana, la mbao za mninga zilizofungwa kwa pete za chuma, na kina chake kilimfika mtu mabegani akiketi. Lilisimama kando ya kibanda cha magogo ya mikaratusi ambacho Selestina na marehemu mumewe, Vitalis, walikijenga kwenye mteremko juu ya Mikumi, nyuma ya migomba. Pembeni, Ditram alikuwa ametega dramu la chuma juu ya mafiga, na mabomba mawili: moja la kuvuta maji ya baridi, jingine la kuyarudisha yakiwa moto. Chini kabisa malori yalilalamika kwenye barabara ya Iringa.

Watu walikuwa wamesema yao. Mjane mzima anataka kuoga nje kwenye pipa! Wengine walisema amerogwa, wengine walisema ameiga wazungu. Lakini Selestina alijua alikolipata wazo hilo. Kwa miaka mingi alikuwa mfuaji wa shuka katika hoteli moja ya watalii, na mfuaji huyo huyo ndiye aliyekuwa akibeba maji ya moto kujaza beseni la wageni kila bomba lilipogoma, na bomba lilikuwa na tabia ya kugoma. Kiuno chake kiliishia huko. Siku moja, wageni wakiwa wamekwenda kutazama wanyama, aliketi ukingoni mwa beseni akatumbukiza miguu. Alikaa kidogo tu. Msimamizi alipomkuta hakupiga kelele. Alisema taratibu, kama anayemwelekeza mtoto: "Mama Selestina, hayo si maji yako."

Angemtukana, pengine Selestina angesahau.

Sasa kaka yake, Octavian, alikuwa amepata habari za pipa. Octavian aliishi Kilosa mjini, mtu wa ofisini, na alipenda mambo yaende kwa mpango wake. Ardhi ile ilikuwa ya upande wa kike, kama ilivyo desturi ya ukoo wao: kutoka kwa bibi kwenda kwa mama, kutoka kwa mama kwenda kwa Selestina. Hata hivyo, kaka ndiye mjomba wa watoto, na neno la mjomba ni zito. Alipiga simu jioni ile ile, wakati Domina bado anatema makapi.

"Nimepata wageni, mtu na mke wake, wanatoka Dar. Jumamosi wanashuka kwenye treni hapa Kilosa, nitawaleta mwenyewe. Nimewaambia kuna kibanda na maji moto. Uwashe moto mapema."

"Sawa, kaka. Wageni ni baraka."

"Utandike shuka safi. Halafu Selestina, wewe usiingie humo. Wageni hawapendi maji yaliyoogewa. Hayo si maji yako."

Hasira ilimpanda kutoka kiunoni, pale pale palipouma.

"Kaka," alisema, "kwa mama, chungu kipya kilipoiva, uji wa kwanza alikuwa anakunywa nani?"

"Mambo ya vyungu yanahusu nini hapa?"

"Alikuwa anakunywa aliyebeba udongo. Hata baba alisubiri."

"Hiyo zamani, bwana. Fanya nilivyokwambia." Simu ikakatwa.

Domina, ambaye alisikia yote kwa sababu simu ya Selestina ilikuwa inapiga kelele kama redio, alimtazama. Muwa ukabaki mkononi bila kutafunwa.

Ilipofika Jumamosi, pipa lilikuwa limeshiba. Selestina alipitisha kiganja kwenye maungio ya mbao, kiganja kikarudi kikavu. Alitandika shuka safi kama alivyoagizwa, maana mgeni hana kosa. Akafagia kibanda, akaweka ndizi mbivu kwenye sinia. Kisha akawasha moto chini ya dramu. Mchana maji yalipoanza kutoa mvuke, alijifunga kitenge kifuani, akafunga fundo mara mbili, akapanda kigoda.

"Kaka yako yuko njiani!" Domina alipaza sauti.

"Najua."

"Atakukuta humo!"

"Ndivyo ninavyotaka."

Akaingia. Mguu mmoja, wa pili, kisha kiuno. Joto lilimshika mahali ambapo hapakuwa pameshikwa na mtu tangu Vitalis afe, na machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. Hakuwa na huzuni. Alikuwa amefurahi, na furaha ilimuuma.

"Moto unafifia," alisema baadaye, macho yamefumbwa.

Domina alisonya. Akainuka, akachukua kuni, akazisukuma chini ya dramu. "Usije ukamwambia mtu nimekusaidia," alisema.

Gari liliposimama chini ya migomba, Selestina hakusogea. Alisikia milango, akasikia sauti ya Octavian ikiwaonyesha wageni njia. Kisha sauti ikakatika.

"Selestina! Toka humo!"

Nyuma yake walisimama kijana na mkewe, mabegi mgongoni. Mke alimwona mama mtu mzima ndani ya pipa, mvi za kichwani zikimng'aa kwa mvuke, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na safari. Karibuni ndizi. Nikimaliza nitawabadilishia maji, moto upo." Kisha akamgeukia kaka yake, akainamisha kichwa kwa heshima yote, maji yakimfika mabegani. "Shikamoo, kaka."

Wageni walimtazama Octavian, wakingoja aitikie. Domina naye alingoja, mikono kiunoni. Salamu ilikuwa imeshatoka, na mbele ya watu haikuwa na mahali pa kwenda ila kwake.

"Marahaba," alisema mwishowe.

"Maji yanapoa, mjomba," Domina alisema. Mtani hana wa kumwogopa. Akachukua gogo la kuni, akamwekea Octavian mikononi, juu ya shati lake jeupe.

Selestina aliegemeza kisogo kwenye ukingo wa mninga. Vidole vya miguu yake viliibuka juu ya maji, vikakaa hapo. Octavian alikuwa bado amesimama na lile gogo, akiutazama moto.