Nyumba Inayomwitikia Desmond Quilty

Katika mji wetu wa ngano, siku ya Anzac, tunapowakumbuka askari wetu, jina la marehemu wa vita likiitwa mbele ya mnara wa kumbukumbu, mtu wa nyumbani kwake huitikia, "Yupo!" Ndivyo tulivyo. Na wale vijana waliokuja wakati wa vita kujifunza urubani kwenye kiwanja chetu cha ndege wakafa humu humu, bila kumwona adui hata kwa mbali, kila mmoja huitikiwa na nyumba inayopalilia kaburi lake. Sisi tunaye Desmond Quilty wa Tasmania, miaka kumi na tisa. Ndege yake ya mafunzo iliangukia shamba letu, na mama alimshika mkono mpaka akakata roho. Mama alimwitikia maisha yake yote, kisha akaniachia mimi. Najivunia yule kijana kama ndugu wa tumbo moja.

Sasa mwaka huu tumepata mwenyekiti mpya wa chama cha askari wastaafu, Clive Hanlon. Wiki moja kabla ya siku yenyewe akanifuata dukani.

"Bi Merle, safari hii nitasoma waliokufa vitani tu. Hao wanafunzi walianguka, hawakupigana."

"Walianguka? Kwani walikuwa wanachuma matofaa?"

"Utaratibu ni utaratibu, bibi."

"Utaratibu wa nani? Mama yako Una, Mungu amrehemu, alimpalilia Athol Brereton miaka nenda miaka rudi. Tangu tumzike mama yako, umekanyaga pale hata mara moja? Magugu yamefika kiunoni, Clive!"

Akawa mwekundu, akachukua mkate wake akaenda zake. Nami nikarudi nyumbani nachemka. Niliogopa kitu kimoja: jina lisipoitwa mwaka huu, mwakani nani atakumbuka kuliita? Mimi sina mtoto. Desmond angekufa mara ya pili, na safari hii mikononi mwangu.

Siku ikafika. Clive akasoma majina yake, watu wakaitikia, kisha akakunja karatasi. Msichana wa kupiga tarumbeta ya kufunga ibada akaiweka mdomoni.

"Shusha kwanza, mwanangu," nikamwambia. "Desmond Quilty!" Nikaitikia mwenyewe: "Yupo!"

Watu wakageuka kunitazama. Nikasema moyoni, leo Merle umeumbuka. Mara mzee Gus Pfeiffer, jirani yangu, akapaza sauti kutoka nyuma: "Keith Lomax!" Mkewe na wajukuu wakaitikia kwa pamoja, "Yupo!" Basi ikawa nyumba hii, mara nyumba ile, hata wale wa kituo cha mafuta ambao sijawahi kuwasikia wakisema neno hadharani. Jamani, kifua kilinijaa! Nikalia bila haya.

Likabaki jina moja. Kila mtu alilijua, na hakuna aliyelitaja. Tulikuwa tunamtazama Clive.

Akavua kofia. "Athol Brereton," akasema. Sasa wa kuitikia alikuwa yeye peke yake.

"Yupo," akasema polepole. Kisha akajikaza, akatoa sauti ya kiaskari iliyowarusha kasuku wote kwenye miti: "Yupo!"

Ndipo tarumbeta ikalia.

Alasiri nilimkuta makaburini, kapiga magoti, anang'oa magugu ya Athol kwa mikono mitupu. Akaniomba jembe.

"Kanunue lako," nikamwambia. Kisha nikapiga magoti, nikaanza kung'oa upande wa pili.