Maji Juu ya Chuma cha Moto

Mwaka ule wa vita, Maliro, fundi wa Butembo, alikaa wiki tatu Manguredjipa akigombana na chuma. Mama Jokébed, mwenye shimo la dhahabu, alikuwa amenunua injini ya mafuta na kompresa yake, zote za enzi za Wabelgiji, zilizoachwa porini mpaka zikaotewa na majani. Alitaka hewa ya kuendeshea mashine za kutobolea mwamba, maana watu wake walikuwa wakiupasua kwa patasi.

Vipuri havikupatikana. Maliro alichonga ringi za pistoni kutoka kwenye bomba bovu. Nne zilivunjika mikononi mwake, ya tano ndiyo ikakaa.

Alhamisi asubuhi alikipasha moto kichwa cha injini mpaka kikawa chekundu, maana injini za aina ile haziwaki bila hivyo, akazungusha gurudumu. Mara ya tisa injini ikakohoa, ikatema moshi, ikashika. Hewa ikaanza kujaa kwenye tangi. Mama Jokébed akapiga vigelegele.

Saa moja haikuisha, kamanda wa waasi akashuka mlimani na askari wawili.

"Zima ile mashini! Adui batasikia tuko hapa."

"Ndiyo, afande. Ninafunga mafuta, itasimama yenyewe. Ngoja kidogo."

"Hapana ngoja!"

Askari mmoja akanyakua ndoo.

"Hapana maji! Itapasuka!" Maliro alipiga kelele, lakini maji yalikwisha kumwagwa juu ya kichwa kile. Chuma kikalia kwa ukali, ufa ukashuka kutoka juu mpaka chini. Kamanda akapanda zake mlimani na askari wake.

"Papa Maliro, hauwezi kuiunganisha?" Mama Jokébed aliuliza.

"Chuma ya aina hii, Mama, haiungane."

Hata hivyo alijaribu siku mbili, kwa ukanda wa chuma na bolti. Kila alipoiwasha, ufa ulimpulizia moshi usoni. Kwa hasira akaitupa spana mtoni, kisha akakumbuka kwamba ni hiyo tu iliyoingia kwenye nati zile. Akakunja suruali, akapapasa matope mpaka jioni, akijilaani.

Kesho yake alikifungua kichwa kile, akakifunga kwenye baiskeli na kuisukuma siku nne hadi Butembo. Fundi wa kwanza kukiona, Zorobabel, alipitisha kidole juu ya ufa.

"Lakini Papa, weye fundi mukubwa! Sababu ya nini ulimwanga maji juu ya chuma ya moto?"

Maliro akakikaza tena kichwa kile kwenye baiskeli. Akaishika baiskeli, akaenda kumtafuta fundi mwingine.