Mkwe Aliyeingilia Jikoni

Katika boma la Wabukusu, mkwe huingia kwa lango la mbele, hukaa sebuleni, wala haonani uso kwa uso na mama mkwe. Mwalimu Wangila, mwenyeji wa Kwanza, nchi ya mahindi matupu, aliyajua hayo kama alivyozijua Amri Kumi. Jumamosi moja ya mwaka 2009 alikuwa akienda Kimilili kwa wakwe kwa mara ya kwanza tangu afunge ndoa na Phelista, naye aliazimia kupokelewa kwa heshima.

Kwa hiyo alibandika kwenye kioo cha gari lake, Pijo, kidude cha kuonyesha njia, zawadi ya shemeji yake aliye ng'ambo, ambaye alikuwa amekwisha kutia humo alama ya boma la baba yao.

Hadi Kamukuywa kidude kilikaa kwa adabu. Kisha uchokozi ukaanza. Kila Pijo ilipokaribia kona, ramani ilifunikwa na swali lenye herufi ndogo kama mayai ya chawa: je, dereva anayakubali masharti? Kitufe cha kukubali na cha kukataa vilibanana mithili ya pacha. Wangila, ambaye katika ualimu wake hakuwahi kuacha swali bila jibu, aliinama kusoma.

"Ng'ombe!" Phelista alipiga yowe.

Walimkosa kwa upana wa kiganja.

"Si uangalie barabara, bana! Njia ya kwetu naijua."

"Mama, hiki kinaongozwa na setilaiti."

"Ati setilaiti! Imezaliwa Kimilili? Pita hapo sokoni."

Kidude kiliamuru kushoto, njia fupi. Wangila alitii. Njia fupi ilikuwa kijia cha mifugo, na penye kona yake swali likarudi. Akainama tena. Pijo ilivunja ua, ikalaza migomba mitatu, ikazama topeni nyuma ya jiko, hatua chache kutoka kwa Wilkista, mama mkwe, aliyekuwa akipepeta wimbi.

"Umefika," kilitangaza kidude.

Wilkista alijifunika uso kwa ungo. Wangila alijikunja chini ya usukani.

"Phelista," sauti ilitoka nyuma ya ungo, "huyo mtu ameingia jikoni kwangu na gari?"

"Ni gari imemleta, mama."

"Mwambie aitoe."

"Anasema imekwama."

Wanaume wote walikuwa langoni wakimngoja mgeni. Kuwaita kungeifikisha aibu hiyo Bungoma mjini kabla ya chai kumiminwa.

"Basi geuza hicho kioo chake cha kutazamia nyuma," Wilkista alisema.

Phelista alikipindua. Mama yake aliweka ungo chini, akajifunga leso kiunoni, akaisukuma Pijo kwa nguvu za fahali. Wangila alikodoa macho mbele, shingo imemkakamaa. Kidude kikamwuliza kama ameridhika na safari. Phelista alikichomoa, akakizika ndani ya kapu la vitunguu.

Pijo ilijinasua, ikazunguka hadi lango la mbele, ikapiga honi kwa unyenyekevu. Mzee Mukhisa, baba mkwe, ambaye masikio yake yalikuwa mazima kabisa, alitoka kuwalaki.

"Karibu, mkwe. Mmesafiri salama?"

"Salama, baba."

Mzee aliizunguka Pijo polepole, akanyofoa jani la mgomba lililonasa kwenye bampa, akaligeuzageuza.

"Kumbe hata Kwanza siku hizi mnapanda ndizi," alisema, akamshika mkwe wake mkono na kumwingiza sebuleni.